Kiapo cha Mwulizaji

Katika mahakama zetu shahidi huapishwa kabla ya kusema. Mwislamu huapa kwa Kurani, Mkristo huapa kwa Biblia, na asiyetaka kuapa kwa kitabu hutoa ahadi yake kwa maneno ya sheria. Desturi hii ni njema, na hapana mtu mwenye busara ambaye angependa iondolewe. Lakini, msomaji, tazama jambo moja. Maneno ayasemayo shahidi mbele ya hakimu aghalabu si maneno yake ya kwanza. Alikwisha kuulizwa kabla ya siku ile, pengine mara tatu au nne: na jirani, na mzee wa kijiji, na chifu, na askari aliyeandika taarifa yake. Miongoni mwa hao wote waliomwuliza hakuna hata mmoja aliyeapishwa juu ya namna ya kuuliza. Basi nakuuliza: je, wajibu wa kweli ni wa shahidi peke yake, au mwulizaji naye ana sehemu yake?

Mimi nashika kwamba anayo, na kwamba sehemu hiyo ni kubwa kuliko tudhanivyo. Sababu yake haimo katika sheria. Imo katika tabia ya kumbukumbu yenyewe.

Watu wengi huifikiri kumbukumbu kuwa ni sanduku. Jambo likionwa huwekwa ndani, na likitakiwa hutolewa kama lilivyowekwa. Likikosekana, mwenye sanduku ama amelipoteza ama anaficha. Fikira hii ni rahisi, nayo si kweli. Mwaka 1932 mwalimu mmoja wa Cambridge, Frederic Bartlett, alichapisha kitabu juu ya kukumbuka. Alikuwa amewapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Marekani ya Kaskazini, akawataka waisimulie tena baada ya muda. Aliona kuwa hawakuitoa kama walivyoipokea. Yaliyokuwa mageni kwao yaliachwa au yalibadilishwa yakafanana na mambo ya kwao, na wasimulizi wenyewe hawakujua kuwa wamebadilisha kitu. Mtu akumbukapo hujenga upya, na katika kujenga hutumia mawe yaliyo karibu na mkono wake.

Miongoni mwa mawe hayo ni maneno ya mwulizaji. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya magari yaliyogongana. Wanafunzi 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, na 50 waliulizwa swali lilo hilo, ila kwa neno kali zaidi, kama kusema yalipopondana. Hao 50 waliosalia hawakuulizwa habari za mwendo. Baada ya juma moja wote waliulizwa kama walikuwa wameona vioo vilivyovunjika. Katika filamu ile havikuwamo vioo vilivyovunjika. Hata hivyo, watu 16 katika wale walioulizwa kwa neno kali walisema waliviona. Katika wale wa neno la upole walikuwa 7, na katika wale wasioulizwa walikuwa 6. Neno moja, katika swali moja, liliwavunjia watu vioo vichwani mwao. Hawakuwa waongo, na kama wangeapishwa, wangeapa kwa moyo safi.

Sasa twende Merti. Merti ni mji mdogo katika ukingo wa kaskazini wa mto Ewaso Nyiro, katika Kaunti ya Isiolo. Walio wengi huko ni Waborana, watu wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na dini yao ni Uislamu. Mto ukiisha kuupita mji huo huelekea mashariki, kisha hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Katika nchi kame kama ile mfugo ukiibwa kazi ya kwanza ni kufuata nyayo. Mfuata nyayo hodari hatembei juu ya alama azifuatazo. Hutembea kando yake, akaziweka kati yake na jua ili kivuli kidogo kilichomo ndani ya kila alama kionekane, na wenzake wanaomfuata huwakataza kumtangulia. Kumbukumbu ya shahidi ni mchanga wa namna ile. Mwulizaji aingiaye kwa haraka huukanyaga, kisha husoma nyayo zake mwenyewe akadhani ni za mwizi.

Nitakupa mfano, nao ni wa kubuni. Kijana wa miaka kumi na mitano yuko kisimani na ngamia wa baba yake, jua linakuchwa. Watu wanatokea, mmoja ana bunduki, wanaswaga ngamia saba na kwenda zao. Merti haiko mbali na ikweta, na huko jua likitua giza halikawii. Kijana anakimbia hadi mjini. Usiku ule ule askari anamwuliza: Walikuwa watatu, sivyo? Mwenye bunduki alivaa koti la kijani? Walikuwa watu wa upande wa pili wa mto? Kijana anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Taarifa inaandikwa, anaweka dole gumba, mambo yamekwisha.

Kwa nini alijibu ndiyo? Alilelewa kuwa mdogo hampingi mkubwa, na ndiyo ya mtoto mbele ya mtu mzima mara nyingi ni heshima kabla ya kuwa habari. Aliogopa pia kwamba asipojibu ataonekana alikuwa amelala, na ngamia wa baba wameibwa mikononi mwake. Tena yamkini alifikiri askari anajua, maana mtu hulitajaje koti la kijani kama hana habari zake? Askari naye labda alilisikia kwa mtu mwingine, ambaye alilisikia kwa mwingine. Usiku ule kijana hakuliona koti. Siku ya tatu, baada ya kusimulia mara kumi, ataliona. Siku ya kesi litakuwa na vifungo.

Juu ya hayo kuna mitego ya lugha, na hapa nataka usimame kidogo, kwa kuwa wewe usomaye insha hii huenda kesho ukawa karani au mkalimani. Kijana afikiri kwa Kiborana, askari auliza kwa Kiswahili, na taarifa yaandikwa kwa Kiingereza. Askari asema, "Hukumwona uso?" Kijana ajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili maana yake ni kwamba ni kweli, hakumwona. Lakini katika Kiingereza swali la namna hiyo likijibiwa kwa neno la kukubali, maana huwa kinyume chake, na karani asiye mwangalifu ataandika kuwa shahidi aliuona uso. Vivyo hivyo kwa saa. Kijana akisema saa moja ya usiku, kwa hesabu ya Kizungu ni saba. Nimepata kusikia moja ikiandikwa moja. Mtu aweza kupoteza uhuru wake kwa saa sita ambazo hazikupita. Ingekuwa heri kijana yule aulizwe kama ilikuwa kabla ya sala ya magharibi au baada yake.

Mtu akifungwa kwa kosa lisilo lake ni dhuluma kubwa. Katika nchi ya wafugaji dhuluma hiyo hupata watoto upesi. Ile ndiyo ya tatu, ya watu wa upande wa pili wa mto, haikungoja hakimu. Imetoka katika kituo pamoja na kila aliyeisikia, na kabla mahakama haijafungua milango vijana wenye hasira wanaweza kuvuka mto kwenda kulipiza kwa watu ambao hawajui lolote. Nani ameisema habari ile? Kijana hakuisema. Yeye aliiitikia tu.

Je, angaliulizwaje? Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi nchini Marekani, Edward Geiselman na Ronald Fisher, walitengeneza njia ya kuuliza mashahidi kwa kuifuata tabia ya kumbukumbu. Walipata kusikiliza kanda za mahojiano ya polisi wa Florida, na katika andiko la mwaka 1987 walieleza kuwa shahidi alipoanza kujibu swali la wazi alikatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde 7 na nusu. Hebu jaribu, msomaji, kusimulia safari yako ya jana katika sekunde saba na nusu.

Njia yao haina uchawi. Mwulizaji humrudisha shahidi mahali pale kwa fikira kabla ya kumwuliza lolote. Kwa kijana wetu angesema: Rudi kisimani. Jua lilikuwa wapi? Upepo ulitoka upande gani? Ngamia yupi alikuwa akinywa? Kisha angenyamaza. Kumbukumbu ya jambo imefungwa pamoja na mahali pake, harufu yake na hofu yake, na ukishika uzi mmoja nyingine hufuata. Mchungaji asiyekumbuka uso wa mtu aweza kukumbuka ni ngamia gani aliyeinua kichwa kwanza, na alitazama wapi. Na huko alikotazama ndiko watu walikotokea. Mchungaji huwajua wanyama wake kwa rangi, kwa alama na kwa tabia, kama wewe uwajuavyo wenzako darasani. Mwulizaji mjinga ataona maneno ya ngamia yanampotezea wakati, naye amekaa juu ya hazina.

Baada ya hapo shahidi huombwa aseme yote, hata yale ayaonayo kuwa ni madogo au nusu nusu, bila ya kubahatisha. Huambiwa waziwazi kwamba mwulizaji hakuwapo na hajui. Kwamba neno "sijui" ni jibu kamili. Na kwamba swali likiwa na kosa alisahihishe. Kwa kijana aliyefunzwa kuwatii wazee maneno haya ni ruhusa adimu, nayo yafaa yasemwe zaidi ya mara moja. Kisha huweza kuombwa asimulie kwa kurudi nyuma, toka mwisho hadi mwanzo, kwa sababu anayekwenda mbele huteleza juu ya desturi akasema yatokeayo kila siku badala ya yaliyotokea siku ile. Wengine huongeza kumtaka shahidi atazame jambo kutoka mahali alipokuwa mtu mwingine. Mimi hili naliona la hatari kidogo, kwa kuwa halina umbali mkubwa na kubuni, na wengi wanaoitumia njia hii huliacha. Maswali ya mwulizaji huja mwisho, nayo hujengwa kwa maneno yale ambayo shahidi ameyatumia mwenyewe. Kama hakutaja koti, koti halimo.

Mwaka 1989 Fisher na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya na wapelelezi wa Miami. Wale waliofunzwa njia hii walipata habari zaidi kwa asilimia 47 kuliko walizokuwa wakipata kabla ya mafunzo, na asilimia 63 zaidi ya wenzao wasiofunzwa. Ukarimu wa kusikiliza, basi, hauipunguzi kazi ya upelelezi, huiongeza.

Utasema: shahidi akiwa na yakini, si basi? Yakini nayo hulishwa. Mwaka 1984 huko North Carolina mwanamke kijana alivamiwa na kunajisiwa chumbani mwake usiku. Wakati wa mateso yale alijitahidi kuusoma uso wa mtu yule ili akiokoka amtambue. Alimchagua Ronald Cotton katika picha, kisha katika gwaride la utambulisho. Na alipokwisha kumchagua aliambiwa kwamba ndiye yule yule aliyemchagua katika picha. Aliposimama mahakamani hakuwa na shaka hata chembe. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, hata mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kuwa mkosaji ni mtu mwingine. Yule mwanamke hakusema uongo. Shaka ndogo aliyoanza nayo, ambayo ingaliweza kumwokoa Cotton, iliondolewa na neno jema la kumtuliza, lililotoka kwa watu waliomtakia heri.

Mahakama za kwetu hazikuwa vipofu kwa mambo haya. Mwaka 1953, katika shauri la Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja juu ya utambulisho lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa pale ambapo hali ya kuonea ilikuwa ngumu. Kuchwa kwa jua kisimani ni hali ya namna hiyo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo yataka jambo lililoonwa lisemwe na aliyeliona, na humzuia wakili, mwenzake akipinga, kumtia shahidi wake jibu mdomoni isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Waborana wenyewe huiita elimu ya habari za kale ipokewayo kwa mdomo argaa-dhageettii, neno lililoundwa kwa kuona na kusikia. Twaona, basi, kuwa mahakama ina ulinzi wake. Lakini ulinzi huo huanza mlangoni pa mahakama. Katika kituo, chini ya mti, katika ofisi ya chifu, ambako kumbukumbu ingali mbichi na laini, mlinzi ni dhamiri ya mwulizaji tu.

Kuna kumbukumbu nyingine Merti ambazo si za ngamia saba. Katika vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kukoma mwaka 1967, serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika kambi zenye ulinzi, na Merti na Garba Tulla zilikuwa miongoni mwa mahali hapo. Mifugo isiyoweza kupelekwa malishoni ilikufa kwa wingi, na watu waliokuwa na mali wakawa maskini. Waborana wa huko huuita wakati ule gaafa dhaabaa, yaani wakati wa kusimamishwa. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na mashtaka juu ya yaliyotendwa siku zile, na hivyo hapakuwa na mahakama ya kuwauliza waliofikwa. Miaka zaidi ya arobaini ilipita ndipo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipopita nchini kuandika taarifa. Ilikusanya zaidi ya 40,000, ikatoa ripoti yake mwaka 2013. Mwaka huo huo Zeinabu Khalif na Gufu Oba walichapisha utafiti wao juu ya gaafa dhaabaa na uchumi wa wafugaji, wakitegemea masimulizi ya waliokuwapo.

Mzee wa miaka themanini ataulizwaje mambo ya ujana wake? Ukimwuliza tarehe, hana. Naye aona haya kutokuwa nayo, na kwa haya atakupa tarehe yoyote. Mwulize mvua ilikuwa ipi, alikuwa na ng'ombe wangapi wa kukamuliwa, nani alizaliwa kambini. Mwache akae kimya anapokaa kimya. Hapo pia mwulizaji aweza kudhulumu kwa njia mbili: kwa kumtilia maneno ya huzuni ambayo hakuyasema, kwa kuwa yanafaa katika ripoti, au kwa kumkata maneno yake ya ng'ombe, kwa kuwa fomu haina nafasi ya ng'ombe. Ni vigumu kusema ipi ni mbaya zaidi. Mimi naichukia zaidi ya kwanza, kwa sababu hujifanya huruma.

Huenda msomaji akauliza: na shahidi mwongo je? Hatapata nafasi ya kutunga akiachwa aseme apendavyo? Atapata, lakini aliyetunga hubeba mzigo wa kuyashikamanisha aliyoyatunga, na kadiri asemavyo mengi ndivyo mzigo uzidivyo. Mwaka 2008 Aldert Vrij na wenzake walionyesha kuwa waongo wakitakiwa kusimulia kutoka mwisho hadi mwanzo hujionyesha zaidi kuliko wakisimulia kwa kwenda mbele. Mwenye maswali ya ndiyo na siyo ndiye amsaidiaye mwongo, maana humpa kila kitu isipokuwa kitikio. Mwingine atasema askari ni wachache, nchi ni pana, usiku ni mfupi. Ni kweli. Lakini hesabu na siku zile ambazo askari hao hao watazitumia kumtafuta mtu wa koti la kijani asiyekuwapo. Na yuko atakayesema kwamba mtu mgumu hasemi ila kwa vitisho. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali wakiongozwa na Juan Méndez, aliyepata kuwa mchunguzi wa Umoja wa Mataifa juu ya mateso, walitoa kanuni za mahojiano ambazo msingi wake ni kwamba vitisho huleta maneno, wala havileti habari. Aliyetishwa husema lile litakalokomesha maumivu.

Tumrudie kijana wetu. Tuseme ameulizwa vema. Amesema juu ya ngamia aliyeinua kichwa, juu ya watu wawili aliowaona na sauti ya tatu aliyoisikia tu, juu ya bunduki. Juu ya nguo amesema hajui. Taarifa yake ni fupi kuliko ile ya kwanza mahali pengine, na ndefu mahali pengine. Sasa isomwe kwake kwa Kiborana, pole pole, na aambiwe aizuie popote isiposema alivyosema yeye. Kisha aambiwe kuwa kumbukumbu haziji zote siku moja. Akikumbuka neno siku ya tatu, yuko peke yake kisimani, aje alieleze. Na akija, aulizwe kwanza kama amelikumbuka mwenyewe au amelisikia kwa watu, wala asiulizwe kwa ukali kwa nini hakulisema usiku ule.